Muhuri wa Mia

Gorna Oryahovitsa, 4 Mei 2011

Dada Dimitrina,

Kabla ya salamu niweke jambo moja sawa, maana najua limeshakufikia: kila mtu anaisimulia vibaya. Binamu Zlatina anasema nimeiba. Jirani yako wa ghorofa ya chini anasema nilikuwa nimelewa. Wote waongo. Wao walikuwa wapi? Walikuwa mezani wanakula ngano ya kuchemsha ya kumbukumbu ya marehemu mumeo Stamen, mdomo umejaa, macho kwenye sahani. Aliyekuwepo pale kwenye korido ni mimi. Sikuiba. Niliondoka nacho. Hivyo ni vitu viwili tofauti, uliza mtu yeyote aliyefanya kazi reli miaka thelathini na nane.

Haya, sasa salamu. Mimi mzima wa chuma. Goti usiliulize. Kuku wanataga. Nyanya nimeotesha, jirani akaja kuzitazama, akarudi kwake bila kusema neno, ujue ni wivu. Nyonga yako inasemaje? Mwanao Krasen kapiga simu kutoka Ujerumani? Mkewe bado anamlisha majani?

Nakuandikia barua kwa sababu simu unanikatia. Barua huwezi kuikata katikati.

Sasa kijitabu. Nilikikuta juu ya boksi la vitu vya kutupwa, kati ya magazeti na viatu vya Stamen. Nikakifungua. Mahali mia moja pa nchi yetu, ukifika unagongewa muhuri, na nyie wawili mmeshagongewa tisini na tatu! Miaka thelathini ya Jumamosi, chai ya chupa na soksi zilizolowa. Halafu unakitupa? Kwa mihuri saba? Nikakitia ndani ya koti.

Kwa hiyo sikiliza. Kabla hujahamia kwa Krasen, hicho kijitabu kitakuwa mezani kwako kimejaa mia. Mimi nina kitambulisho cha mstaafu wa reli, treni ni kama mali ya baba yangu. Niandikie tu ni wapi hamjafika, maana kwenye orodha mwandiko wa Stamen ni kama kuku kapita juu ya unga.

Ndugu yako, asiyeiba,
Metodi


Vidin, 17 Mei 2011

Metodi,

Mimi mzima. Nyonga ni nyonga tu, asubuhi inanitukana, jioni tunapatana. Zlatina anakusalimia, au tuseme alitaja jina lako. Krasen alipiga simu Jumapili. Majani bado anakula, na kapungua kilo nne.

Wewe. Ukitoka na kitu cha mtu ndani ya koti lako bila kumwambia, huko reli mlikuwa mnaita nini?

Na nani kakwambia kile ni kitu cha kutupwa? Nilikuwa sijaamua. Lakini umeshakwenda nacho, na miguu ni yako. Hatujafika Ruse, Tryavna, Gabrovo, Koprivshtitsa, Melnik na Varna. Hizo sita zunguka upendavyo.

Ya saba ni ngome ya hapa kwetu. Naiona nikifungua dirisha la jikoni. Mita mia nne. Kila mwaka nilimwambia Stamen, twende tukagonge, na kila mwaka alinijibu, "Mitra, ngome haiendi popote. Tutamalizia hapo." Basi ibaki hivyo hivyo. Sitaki mtu anigongee, sitaki iongelewe, wala usijifanye hukusoma mstari huu.

Krasen anakuja kunichukua tarehe 30 Oktoba. Naenda moja kwa moja, nyumba ataipangisha. Kwa vile unazurura, nipitie maduka ya vitabu huko, nitafutie kitabu cha kujifunzia Kijerumani, chenye herufi kubwa. Mkwe wangu hajui Kibulgaria hata cha kuombea chumvi, na mimi sitaki kukaa mezani kama picha. Maduka ya vitabu utayatambua, ni yale unayoyapita haraka.

Dada yako,
Dimitrina

Kula. Na hilo goti nimeliuliza.


Gorna Oryahovitsa, 11 Juni 2011

Dada yangu mpenzi,

Salamu kutoka kwa kuku wote, hata yule mweusi asiyependa mtu. Hapa mvua, nyanya zimefika kiunoni. Goti ni zuri sana, kuna wanawake wameliangalia.

Ruse imegongwa. Sasa kaa vizuri.

Nafika makumbusho saa nne asubuhi, nimenyoa, nimevaa kofia ya sherehe. Mlango umefungwa, kikaratasi kimebandikwa: Narudi sasa hivi. Wewe na mimi tunaijua hiyo sasa hivi. Ni kahawa mbili na sigara tatu. Nikavuka barabara kwenda mkahawani. Nikamwambia mhudumu, "Namtaka bwana wa muhuri."

"Ametoka sasa hivi," ananijibu.

"Hiyo sasa hivi ya ngapi tena?"

"Muhuri kamwachia Raina, duka la vitabu hapo pembeni. Kila siku humwachia Raina."

Mimi, Metodi, miaka sabini na tatu, nikaingia duka la vitabu. Sikuanguka, sikuungua. Ndani kuna meza mbili katikati ya makabati, harufu ya kahawa na vumbi, na mama mmoja mnene kiasi, miwani juu ya nywele, anakaribia umri wangu lakini mimi naonekana kijana.

"Karibu. Unatafuta kitabu gani?"

"Natafuta muhuri."

"Muhuri hauna haraka. Kaa."

Dada, nilikaa saa tatu. Nimenyweshwa kahawa tatu. Huko kumbe watu ndivyo wanavyofanya: unakaa, unachukua kitabu, unasoma kidogo, unakirudisha, hakuna anayekufukuza. Nilimwambia nimesahau miwani. Akaniangalia vile unavyoniangalia wewe, halafu akachukua kitabu cha mabaharia, akakifungua katikati, akaanza kunisomea mwenyewe. Kurasa kumi! Meli inapasuka, nahodha yuko majini hadi kidevuni, na yule mama, paa, akafunga kitabu.

"Amezama?" nikauliza.

"Nunua ujue."

Nyoka yule! Nimenunua. Kitabu changu cha kwanza duniani. Niko ukurasa wa sita, na bado hawajaondoka bandarini.

Sasa hili ni zito. Raina alipokuwa anatafuta pa kugonga, aligeuza kijitabu nyuma kabisa, akashusha miwani, akasoma herufi ndogo kama ufuta. Kuna sheria. Mihuri mingine ndugu anaweza kumchukulia ndugu. Lakini wa mia, wa mwisho, lazima augonge mwenye kijitabu kwa mkono wake, akifika kwa miguu yake. Vinginevyo haihesabiki yote mia. Nilimwambia asome tena, akasoma tena. Mimi ni nani nibishane na sheria? Nakuarifu tu, siongelei ngome yoyote.

Kijerumani kilikuwa kimeisha. Amesema wanunuzi ni wengi mno.

Metodi


Vidin, 24 Juni 2011

Metodi,

Nashukuru Mungu nimeamka. Cheri zimeiva, nimetengeneza jemu chupa kumi na moja na sijui nani atazila. Zlatina kang'olewa jino, kwa hiyo mtaa umetulia.

Nimegonga mihuri tisini na tatu na sijapata kusikia sheria ya namna hiyo. Tangu lini wewe una habari na herufi ndogo? Kubwa zenyewe mnapigana. Kijitabu unacho wewe, kwa hiyo siwezi kuhakikisha, na hilo unalijua vizuri sana.

Lakini sawa. Kama sheria ni hiyo, basi itakuwa tisini na tisa. Tisini na tisa ni namba nzuri. Watu wengi hawafiki hata arobaini.

Huyo Raina ni mjane?

Barua yako nilimsomea jirani wa chini, alikuwa na huzuni zake. Alicheka mpaka akaomba maji. Sasa kila nikikutana naye kwenye ngazi ananiuliza kama nahodha alizama. Harakisha kusoma.

Na Kijerumani kitafute Gabrovo. Haiwezekani kimeisha nchi nzima.

Dimitrina


Varna, mkahawani, 5 Agosti 2011

Dada,

Usikasirike nimechelewa. Nimekuwa mtu wa shughuli nyingi. Nakusalimu na upepo wa bahari, nimeagiza kahawa na keki ya walnati, na mezani kwangu kuna njiwa hana adabu kabisa. Nahodha bado yuko bandarini, lakini wameshapakia maji na biskuti.

Tryavna imegongwa, Gabrovo imegongwa. Gabrovo muhuri waliugonga nusu nusu ili wasimalize wino, nikadai nusu yangu nyingine mpaka nikapewa. Melnik imegongwa, mlinzi alikuwa pangoni na divai yake, nikatoka huko nikiimba, lakini goti lilikuwa linatembea sawasawa.

Koprivshtitsa ndiko nilikoaibishwa. Nimefika alasiri, binti wa makumbusho anafunga madirisha. Nikamuuliza, "Mama, kesho mmefunga?" Akainamisha kichwa mara mbili, kama sisi wote tunavyokataa. Nikajua hapana, hawajafunga. Nikalipia chumba, nikala supu ya maharage, nikalala kama mfalme. Asubuhi kufuli! Siku tatu kufuli! Nilipompata sokoni nikamwambia, "Wewe si uliniinamishia kichwa?"

"Ndiyo. Si uliuliza kama tumefunga, nikakubali?"

"Umekubali kwa kuinamisha? Umezaliwa wapi wewe?"

"Hapa hapa, babu. Lakini wageni wamenizidi. Siku nzima nawatikisia kichwa kwamba ndiyo, wanaondoka wamenuna. Nikageuza. Sasa nikifika nyumbani hata mama yangu hanielewi."

Mbulgaria mzima anaitikia kama mgeni! Nimempa pole. Ananigongea, anacheka, machozi yanamtoka. Huko mkahawani kwao nilikaa siku zote tatu na nimemfundisha mwenye mkahawa kucheza karata vizuri.

Sasa Varna. Hii usiwasomee wenye moyo mbovu.

Mama mwenye muhuri naambiwa yuko bustani ya bahari, mumewe ndiye anaendesha lile gurudumu kubwa la kupandisha watu angani, na mchana hupanda naye juu kula chakula chao kwenye kijumba cha gurudumu. Muhuri uko kwenye mkoba wake. Nafika, gurudumu limesimama, kofia ya mtu imedondokea mahali fulani wanaitafuta. Mama yuko juu kabisa. Nikamwita, "Mama! Muhuri!" Akaniita, "Subiri!" Mimi nisubiri? Mimi wa reli? Walipowasha, chake kikapita chini bila kusimama, nikaruka kwenye kijumba kinachofuata. Kule juu ananinyooshea mkono, mimi nanyoosha kijitabu, bahari yote iko chini yetu kama sahani ya bluu, watu wadogo kama mchele, na kati ya mbingu na nchi, dada, tap! Muhuri wa tisini na tisa. Chini walipiga makofi. Mwanamke mmoja mgeni kanipiga picha.

Basi ni tisini na tisa. Nimefanya nilichosema.

Duka la vitabu la hapa nimekwenda. Vitabu vya Kijerumani vilikuwepo, lakini vyote ni vya Wajerumani, vimeandikwa kwa Kijerumani. Havitakusaidia.

Nitapita Ruse nikirudi. Siyo njiani, najua.

Metodi


Vidin, 12 Septemba 2011

Metodi,

Nimechelewa kukujibu. Hakuna ugonjwa, usianze kupigia watu simu.

Zabibu za ua zimeiva, nimewaachia majirani wachume. Krasen kanunua tiketi ya ndege, yangu ya kwenda tu, yake ya kuja na kurudi. Sebuleni kumebaki kiti kimoja na mimi.

Nilisoma ile ya gurudumu mara nne. Ahsante. Hujui umenifanyia nini mwaka huu, na sitakuambia, maana utavimba.

Lakini nisikilize kwa mara ya kwanza maishani mwako. Hiyo ya mia sitaigonga. Sheria au siyo sheria. Watu wanadhani mtu anaogopa ngazi. Mimi siogopi ngazi. Maadamu kuna muhuri mmoja umebaki, bado tuko safarini, mimi na yeye, tumepumzika tu. Ukishagongwa tumefika. Basi, nimeandika, usinijibu kuhusu hilo.

Na usije kuniaga. Sema unavyotaka, usije. Nitaondoka na Krasen vizuri zaidi bila wewe kusimama pale na hiyo kofia ya sherehe.

Kitabu cha Kijerumani je? Umezunguka miji sita.

Dada yako


Gorna Oryahovitsa, 1 Oktoba 2011

Dada,

Salamu. Kuku wazima. Nyanya zimekwisha, jirani alikubali hatimaye kwamba zangu ndizo kubwa.

Umesema nisije kukuaga. Sawa. Sitakuja kukuaga.

Nimefika ukurasa wa arobaini. Nahodha anamwandikia mtu barua, halafu anaichana. Sijui wanaandikia nini vitabu vya namna hii.

Kijerumani bado kimeisha.

Metodi


Dortmund, 21 Novemba 2011

Mdogo wangu,

Nimefika, nimekaa, nimenenepa kidogo. Huku ni mvua lakini nyumba ina joto. Mkwe wangu kumbe ni mcheshi, tatizo ilikuwa hatukuwahi kuelewana. Juzi nilimwomba chumvi kwa Kijerumani, akasimama kunikumbatia, chakula kikapoa. Mjukuu ananifundisha rangi. Jumamosi tulikwenda duka la vitabu la hapa, nikamwuliza mwenye duka kama anauza kahawa au anatoa bure kama Raina, na Krasen alijificha nyuma ya kabati.

Sasa. Krasen anawahadithia majirani siku ya jina langu, na yeye hakuwepo. Anasema eti nilibebwa kwenye kiti. Anasema ulinipigia magoti. Zlatina naye, ndiye aliyemhadithia kwa simu, anasema nilizimia! Nimechoka kukanusha kwa maneno ishirini niliyo nayo. Niandikie ilivyokuwa, kwa mpangilio, mwanzo mpaka mwisho, Krasen atamsomea mkewe polepole kwa Kijerumani. Na uandike kweli, Metodi, kama unaweza.

Dada yako mpenzi,
Dimitrina


Gorna Oryahovitsa, 6 Desemba 2011

Dada, na wewe Krasen unayesoma, na mkwe unayetafsiriwa, hamjambo nyote?

Mimi mzima. Theluji ya kwanza imeanguka, kuku wamegoma. Raina alikuja Jumapili kuleta vitabu, akakaa hadi treni ya jioni. Sina la kuongeza hapo.

Sasa, Krasen, futa yote uliyosikia. Hakuna aliyebebwa. Hakuna aliyezimia, isipokuwa Zlatina alipoona ngazi.

Mama yako aliniambia nisije kumuaga. Sikuja kumuaga. Nilikuja tarehe 26 Oktoba, siku ya Mtakatifu Dimitri, mwenye jina lake, na siku ya jina haina mwaliko, mweleze mkeo hilo taratibu: mlango unaachwa wazi, anayetaka anaingia, na mwenye jina akimfukuza mtu atasemwa mpaka Pasaka. Nilisafiri na treni tatu. Nikaingia nikiwa na jogoo aliyechomwa na kofia ya sherehe. Nyumba imejaa, viti vya kuazima, banitsa, keki ya tabaka ya jibini, rakia, pombe yetu kali ya plamu, jirani wa chini anaimba. Mama yako alikuwa kwenye kile kiti kimoja. Akaniona.

"Nilikwambia nini?"

"Heri ya jina, dada."

"Nilikwambia nini, Metodi?"

"Uliniambia nisije kuaga. Nimekuja kula."

Watu wakacheka, yeye hakucheka, lakini alinikatia banitsa, kipande cha pembeni, kile kilichokauka ninachokipenda. Pembeni yangu kakaa bwana mmoja mrefu, masharubu yamejaa unga. Kumbe ndiye Haralampi, mlinzi wa ngome. Na yeye kaja kwa jina, nani angemwalika? Nikatoa kijitabu nikakiweka mezani mbele ya mama yako. Hata jirani aliacha kuimba.

Akafungua. Akaanza kutazama ile sita, mmoja mmoja. Kwenye wa Varna alikaa muda, maana umepinda kidogo, na nani asingepinda kule juu? Akasema, "Tisini na tisa. Inatosha." Halafu akachungulia dirishani, akaonekana kama kapata nafuu. "Na ngome yenyewe leo imefungwa, si huyu hapa mlinzi wake anakula."

Haralampi akatoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya meza, akaendelea kutafuna.

"Metodi," akaniambia mama yako, kwa sauti ndogo, "niliandika sababu. Uliisoma?"

Hapa ndipo wote wanapokosea. Wanasema nilimbembeleza, sijui nilimhubiria. Mimi nilisimama, nikaenda kwenye koti langu koridoni, nikarudi na vitabu vya kujifunzia Kijerumani. Vitatu. Cha Ruse, cha Gabrovo, cha Varna. Vyote herufi kubwa. Nikavipanga mbele yake.

Akavitazama. "Vilikuwa vimeisha."

"Havikuwa vimeisha."

"Tangu Juni?"

"Tangu Juni. Nilidhani bila kitabu hutaondoka."

"Mnafiki mkubwa we," akasema. "Miezi mitano najifunza Kijerumani kwenye paketi za vidonge!" Halafu akanishika mkono, akaushika sana. Nikasema haraka kabla hatujaaibika mbele ya watu: "Dada, Stamen alisema mtamalizia hapo. Hakusema msimalize."

Akafunga kijitabu, akakitia kwapani. Kisha akasema, "Nipeni kilemba changu. Na mtu achukue banitsa, watu hawawezi kukaa ngomeni na njaa."

Twende basi, mtaa mzima. Mita mia nne, dakika arobaini, kila benchi tulipumzika. Jirani kabeba sinia, Haralampi yuko mbele na funguo kama askofu, Zlatina yuko nyuma akisema atatuponza. Mama yako alitembea. Kwa miguu yake, na fimbo, na mkono wangu kidogo tu kwenye ngazi za mlangoni. Kwenye meza ya mlinzi kijitabu kikafunguliwa, na Haralampi, uso mkavu kama ukuta, akamwambia, "Samahani mama, mimi siruhusiwi. Mwenyewe tu, kwa mkono wako."

Akachukua muhuri, akaugonga kwenye pedi ya wino, akajaribu pembeni. Hakuna kitu. Wino umekauka, watalii walikwisha Septemba. Watu wote wakaguna. Nikatoa chupa ya rakia mfukoni, nikamimina juu yake matone mawili. Basi hapo akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile, akasema Stamen angelia kwa ajili ya hiyo rakia. Na akagonga. Akabana mpaka vidole vikawa vyeupe. Alipoinua, ulikuwa safi, duara kamili, unanuka plamu.

Alisimama kwenye ukuta akiangalia mto. Sikumsogelea. Halafu nikamsikia anasema, si kwetu, "Mita mia nne! Miaka thelathini! Ulikuwa mvivu tu, Stamen, mvivu wa kutupwa!" Akageuka, macho yamelowa na anacheka, akasema, "Metodi, Krasen mwambie kule naenda kwa majira ya baridi. Pasaka narudi. Na ninunulie kijitabu kipya, nataka tuanze na wewe." Akauliza mbele ya mashahidi kama goti langu litaweza. Nikasema lina hamu.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, Krasen. Mwambie mkeo kila neno ni la kweli.

Isipokuwa moja, na hili, Krasen, mpe mama yako asome mwenyewe kimya kimya.

Dada, ile sheria ya muhuri wa mia haipo. Raina alisoma ukurasa wa nyuma wote, juu hadi chini, umeandikwa tu kwamba kijitabu kisilowe. Niliibuni kwenye treni, kati ya Ruse na nyumbani. Haralampi nilimwandikia barua Septemba na kumtumia chupa ili aseme vile. Mwezi wa nne, nikienda stesheni na kijitabu ndani ya koti, nilipita mlangoni kwake ngomeni, muhuri uko juu ya meza, akaniuliza, "Nikugongee?" Nikamwambia hapana, huo dada yangu atakuja mwenyewe.

Metodi